Sura ya Kompyuta na Namna ya Kuichagua

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Klabu ya Kompyuta

Watu wengi wanaotumia kompyuta hudhani kwamba kile wanachokiona kiooni ndicho kompyuta yenyewe. Ukimwuliza mtu kompyuta yake ni ya namna gani, atakuonyesha ile picha ya nyuma, ule ukanda wa chini wenye saa, na vile vialama vilivyojipanga upande wa kushoto. Kumbe vyote hivyo ni sura tu. Wataalamu huiita eneo-kazi, yaani mahali pa kufanyia kazi, lakini mimi katika makala hii nitaiita sura, kwa sababu neno hilo laonyesha vizuri zaidi jambo nitakalo kueleza: ya kwamba mtambo mmoja waweza kuvaa sura nyingi, na kwamba kuichagua iliyo sawa kwataka hesabu.

Jambo hili halikutujia kwa mchezo. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine 14, na mkondo mmoja una wanafunzi 42, kwa hiyo kila mashine hukaliwa na watu watatu. Katika hizo 14, mashine 12 ni za zamani, zenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 tu kila moja; mbili zilizobaki ndizo zenye gigabaiti 8. Zote zilikuwa na Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo sisi tulikuwa mapumzikoni kwa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 marekebisho yake ya kawaida ya usalama. Ile inayofuata, Windows 11, yataka kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, na tena yataka kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, ambacho mashine zetu za zamani hazina. Zaidi ya hayo, zilikuwa nzito mno. Kipindi ni dakika 40, na karibu dakika 10 ziliishia katika kungoja.

Basi likatokea shauri kwamba mashine hizo 12 zifutwe katika daftari la mali ya shule. Lau zingefutwa, wanafunzi 42 wangebaki na mashine mbili, nasi wa Kidato cha Nne, ambao mtihani wetu wa taifa wa somo la kompyuta una sehemu ya vitendo, tungefanya mazoezi kwa zamu kama watu wanaoteka maji kisimani wakati wa kiangazi. Mkuu wa shule akaipa klabu yetu muhula mmoja kutafuta njia. Njia tuliyoitafuta ni Linux, na mara tulipoifikia Linux tukakutana na swali ambalo Windows haimwulizi mtu: Mwataka sura ipi?

Sababu ya swali hilo ni hii. Anayenunua kompyuta yenye Windows hupewa sura moja aliyoichagua mtengenezaji. Aweza kubadili rangi na picha, lakini nyumba ni ile ile. Linux, iliyoanzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo kijana wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, yenyewe haina sura kabisa. Hiyo ni kiini cha ndani kinachoongoza diski, kumbukumbu na vyombo vingine. Juu yake huwekwa programu ya kuchora kiooni. Kwa miaka mingi programu hiyo imekuwa ile iitwayo X, iliyoanzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT huko Marekani. Siku hizi kuna nyingine iitwayo Wayland, iliyoanzwa mwaka 2008, inayoshika nafasi yake pole pole.

X hujua kuchora na kupokea habari za kipanya na za vibonyezo, basi. Ukiiwasha peke yake, dirisha litatokea bila ukingo, bila kichwa, bila kile kialama cha kufungia, wala huwezi kulisogeza. Anayetia ukingo, anayelisogeza dirisha, anayelificha na kulirudisha, ni programu nyingine iitwayo msimamizi wa madirisha. Huyu waweza kumweka peke yake, ukaishi naye. Au waweza kuweka nyumba kamili, ambamo msimamizi wa madirisha ni mmoja tu wa watumishi, pamoja na ukanda wa chini, programu ya kutazamia mafaili, ukurasa wa mipangilio, saa, sauti na mengineyo. Nyumba kamili ya namna hiyo huitwa mazingira ya eneo-kazi. Huu ndio mgawanyo wa kwanza ambao anayechagua hana budi kuujua: anataka nyumba kamili, ama anataka msimamizi peke yake?

Nyumba kamili ni nyingi, na msomaji aweza kuuliza kwa nini watu hawakukubaliana juu ya moja. Jawabu ni kwamba kila aliyeona kasoro alikuwa na ruhusa ya kujenga yake. KDE ilitangazwa na Mjerumani Matthias Ettrich tarehe 14 Oktoba 1996. Mwaka ule ule Mfaransa Olivier Fourdan akaanza Xfce, ambayo nembo yake ni panya. Mwaka 1997 ikaanzwa GNOME, nembo yake ni unyayo. Mwaka 2011 wenyewe wa GNOME walibadili nyumba yao tangu msingi hata paa, wakaondoa ukanda wa chini ambao watu walikuwa wameuzoea kwa miaka. Wengine wakafurahi, wengine wakakasirika sana. Mtu mmoja wa Argentina akaichukua ile GNOME ya zamani akaendelea kuitunza, akaipa jina la MATE, ambalo ni jina la majani yanywewayo kwao kama sisi tunywavyo chai. Watu wa Linux Mint nao wakajenga yao, wakaiita Cinnamon, maana yake mdalasini. Ugomvi ule umetuachia sisi tuliokuja nyuma nyumba tatu mahali pa moja, wala sioni kama tumepata hasara.

Wasimamizi wa peke yao nao ni wengi, lakini tabia zao kubwa ni mbili. Wa tabia ya kwanza huacha madirisha yalaliane, hili juu ya lile, kama mitumba ilivyomwagwa juu ya turubai sokoni: yote yapo, ila lile utakalo liko chini. Wa tabia ya pili huyapanga yote bega kwa bega yasipandane hata kidogo, kama mitaa ya Ngamiani ilivyopigwa mistari na kuhesabiwa, Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, na kuendelea. Ukifungua dirisha la pili, la kwanza husogea na kumpa mwenzake nusu ya kioo. Mfano wa tabia ya kwanza ni IceWM, ya mwaka 1997. Mfano wa tabia ya pili ni i3, ya mwaka 2009, ambayo huendeshwa karibu yote kwa vibonyezo bila kugusa kipanya.

Sasa nieleze jinsi tulivyopima. Tulichukua Debian, ambayo ni mkusanyo wa programu za Linux ulioanzishwa mwaka 1993, kwa sababu wakati wa kuiweka hukuletea orodha ya nyumba kamili uchague utakazo, hata zaidi ya moja katika mashine moja. Faili lake, la karibu gigabaiti 4, lilipakuliwa usiku, na vilivyokosekana vikaja baadaye kwa bando la mwalimu. Katika mashine moja ya gigabaiti 2 tukaweka GNOME, Xfce, IceWM na i3. Kubadili kutoka moja kwenda nyingine si kazi: katika ukurasa wa kuingilia, kabla ya kuandika neno la siri, pana kialama kidogo cha kuchagulia sura ya siku hiyo. Mafaili yako hayaguswi. Barua uliyoiandika ukiwa katika GNOME utaikuta vile vile katika IceWM.

Tulipima mambo mawili. La kwanza ni kumbukumbu iliyoliwa kabla mtu hajafungua programu yo yote, ambayo huonekana kwa kuandika amri ya free -m. La pili ni muda tangu kubonyeza kitufe cha kuwashia mpaka kuandika herufi ya kwanza katika LibreOffice. GNOME ilikuwa imekula zaidi ya nusu ya kumbukumbu hata kabla hatujaanza kazi. Xfce haikufika theluthi. IceWM na i3 zilikula kidogo sana, karibu sehemu moja ya saba.

Hapa yafaa nieleze kwa nini kumbukumbu ina neno kubwa namna hii. Kumbukumbu ni kama meza ya kazi, na diski ni kama kabati. Meza ikijaa, mashine huanza kuchukua vitu mezani na kuvirudisha kabatini ili kupata nafasi, kisha kuvitoa tena vinapotakiwa, na diski za zamani zinazozunguka ni za polepole mno kuliko kumbukumbu. Ukisikia mashine inakwaruza ndani na mshale umeganda, ndiyo hiyo inakimbia baina ya meza na kabati. Kwa hiyo mashine ya gigabaiti 2 iliyopewa sura nzito ni kama ngalawa iliyotwikwa tanga la jahazi. Haikosi nguvu ya upepo, ila haina mwili wa kuuchukua.

Lakini nisimdanganye msomaji. Sura nyepesi haiponyi kila kitu. Kivinjari cha intaneti kikifunguliwa kurasa sita au saba hula kumbukumbu kuliko hata sura nzito, na hapo IceWM na Xfce huwa sawa tu, zote zimekwama. Tena fundi aliyekuja kututazamia mashine alituambia, nasi tukaona kwa macho katika mashine moja aliyoibadili, kwamba kutoa diski inayozunguka na kutia diski mpya isiyo na kitu kinachozunguka ndani huharakisha kazi kuliko kubadili sura yo yote. Mwenye fedha aanze na diski. Sisi hatukuwa nazo.

Kwa hesabu hiyo ya kumbukumbu peke yake, mshindi alikuwa IceWM, na wenzangu wengi katika klabu walitaka tumalize hapo. Ina ukanda wa chini na kitufe cha orodha pembeni, hivyo hata mgeni haipotei. Kilichobadili shauri ni mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili mwenye ualbino. Macho yake hayaoni mbali wala hayapatani na herufi ndogo, na katika vipindi alikuwa akisogeza uso mpaka pua ikaribie kugusa kioo, huku wenzake wawili wa mashine ile wakiwa hawaoni kitu. Tukamwomba ajaribu sura zote nne, kila moja siku yake. Katika IceWM kukuza herufi kulitaka kuandika maneno katika mafaili ya mipangilio, kisha bado kila programu ina mipangilio yake. Katika i3 vivyo hivyo. GNOME ina kioo cha kukuzia na hata programu iitwayo Orca inayosoma kwa sauti, na kwa upande huo ndiyo bora kuliko zote, lakini mashine yenyewe ilikuwa haiendi. Katika Xfce alishika kibonyezo cha Alt, akazungusha gurudumu la kipanya, na kioo chote kikakua palepale aliposimamisha mshale. Akizungusha kinyume kikarudi. Alicheka, akawaambia wenzake wawili, "Leo mtaona na nyinyi." Maana aliweza kukuza anaposoma yeye, na kuwarudishia wenzake inapofika zamu yao.

Tukachagua Xfce. Kumbukumbu tuliyoipoteza kwa kuiacha IceWM tuliiona ni bei ya haki. Kutoka kuwasha mpaka kuandika, mashine zile 12 sasa huchukua chini ya dakika 3.

Palikuwa na hoja moja kutoka kwa mwalimu wetu ambayo haikuwa ya kupuuzwa. Alisema, mtahiniwa aliyejifunza kwa sura moja, siku ya mtihani akikuta nyingine, mkono wake utasita, na dakika za mtihani hazirudi. Wengine walimjibu kwamba kuandika barua, kutengeneza jedwali la hesabu na kupanga orodha ya wateja ni maarifa yale yale po pote. Ni kweli, lakini si kweli yote, kwa kuwa orodha za Microsoft Office na za LibreOffice hazikupangwa sawa. Mwishowe mashine mbili zenye gigabaiti 8 zimeachwa na Windows, hazikuunganishwa na intaneti, na watahiniwa wa Kidato cha Nne huzitumia kwa zamu iliyoandikwa ukutani. Vidato vya chini hutumia Xfce. Mimi mwenyewe nazitumia zote mbili, na naona mkono huzoea upesi kuliko tulivyoogopa, ila bado nasema mwalimu alikuwa na haki ya kutahadhari.

Orodha tumeziacha kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani. Hata hivyo yafaa wanafunzi wajue kwamba kompyuta kusema Kiswahili si jambo geni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi kwa Kiswahili, na LibreOffice tunayoitumia leo ilitokana na OpenOffice hiyo hiyo mwaka 2010. Na jina la Ubuntu, mkusanyo mwingine mashuhuri wa Linux uliotolewa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ni ndugu wa neno letu utu. Shina ni moja.

Wakati wa likizo nilikwenda nyumbani Makorora, ambako mjomba wangu ana duka dogo la steshenari. Huandika barua za kuomba kazi, hutoa nakala na kuchapa. Ana laptopu ya gigabaiti 4 iliyoanza kuchoka. Nikampelekea sura tatu katika flashi tatu, maana Debian huweza kuwashwa kutoka katika flashi bila kuigusa diski: GNOME, Xfce na Cinnamon. Nilimshauri Xfce, nikamweleza habari za kumbukumbu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mpwa wangu, mimi sina haja ya kujua mashine inakula nini. Mteja amesimama hapo, na bodaboda inamngoja nje. Nataka mkono uende wenyewe." Akakaa na kila moja kwa muda wa kuandika barua moja. GNOME aliifunga baada ya dakika mbili, akiuliza ukanda umekwenda wapi. Akachagua Cinnamon, kwa sababu kitufe cha orodha kiko pale pale pembeni kushoto ambapo kidole chake kimezoea, na dirisha likifichwa hushuka chini palepale anapolitazamia. Kwa gigabaiti 4 haikumlemea.

Lakini hatukuifuta Windows yake. Kwanza tulijaribu mashine yake ya kuchapia: kuchapa ilichapa, kupiga picha ya karatasi ikakataa. Pili, mteja mmoja alileta wasifu wake wa ukurasa mmoja, na ulipofunguliwa mstari wa mwisho ukaruka ukurasa wa pili. Sababu ni kwamba wasifu ule uliandikwa kwa herufi za Calibri, ambazo si za bure, na mashine ikaweka nyingine zenye upana tofauti. Dawa yake ipo: herufi ziitwazo Carlito zina upana ule ule wa Calibri, na zile za Liberation zina upana wa Times New Roman na Arial. Tulipotia Carlito, ukurasa ukarudi kuwa mmoja. Jambo la picha za karatasi halikupata dawa, basi diski tukaigawa nusu kwa nusu, na kila asubuhi mjomba huchagua aingie upande upi. Aniambia kwamba siku nyingi huingia Cinnamon, na siku za maombi ya vyuo, ambapo kila mtu ataka cheti chake kipigwe picha, huingia Windows.

Kwa mwanafunzi au mzazi atakaye kujaribu, utaratibu tuliouona kuwa salama ni huu. Tazama kwanza mashine yako ina kumbukumbu kiasi gani. Ikiwa na gigabaiti 4 au zaidi, jaribu Cinnamon, MATE na Xfce, na uamue kwa mkono wako. Ikiwa na gigabaiti 2, anza na Xfce, na ikilemewa shuka kwa LXQt au IceWM. Ikiwa na gigabaiti 1 tu, msimamizi wa peke yake ndiye afaaye, na intaneti uifungue kwa ukurasa mmoja mmoja. Jaribu kwa flashi siku nzima kabla ya kuigusa diski, ukijua kwamba flashi ni ya polepole kuliko diski, hivyo usiihukumu kwa mwendo. Ihukumu kwa kuchapa, kwa sauti, kwa intaneti na kwa macho yako. Weka nakala ya mafaili yako mahali pengine. Na i3 uiache mpaka uwe umezoea. Katika klabu ni wawili tu wanaoipenda, wanakaa mashine ya pembeni kabisa, na huandika upesi kuliko sisi sote, lakini hakuna mgeni awezaye kuifungulia hata saa.

Flashi za Xfce na za Cinnamon ziko kwa katibu wa klabu. Huazimwa Jumamosi baada ya usafi wa mabweni na kurudishwa Jumatatu kabla ya gwaride. Anayeleta laptopu aje nayo imekwisha chajiwa, kwa sababu katika chumba cha kompyuta matundu ya umeme yaliyo mazima ni yale yale 14.